Sinatra, Nat King Cole, Ella Fitzgerald au Jim Reeves: Uanze na Nani?

Mtu anayetaka kuujua muziki mwepesi wa Marekani wa miaka ya 1950 hukwama mapema. Akitafuta jina la Frank Sinatra au Nat King Cole kwenye YouTube, analetewa mikusanyiko isiyohesabika: nyimbo zilezile zimepangwa upya chini ya picha nyingine, na mara nyingi hakuna maelezo ya wimbo ulirekodiwa lini wala ni bendi gani inayopiga. Rafiki mmoja anamwambia Sinatra ndiye mfalme, mwingine anaapa kwa Ella Fitzgerald, na mzee nyumbani hataki kusikia jina lolote isipokuwa Jim Reeves.

Nimewachukua hao wanne kwa sababu wanalinganishika. Rekodi zao bora za muziki huu zilitoka kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na wote walinufaika na mambo mawili: maikrofoni na santuri ndefu. Zamani mwimbaji alilazimika kupaza sauti ili ifike viti vya nyuma. Maikrofoni nzuri ilimruhusu kuimba kwa sauti ya mazungumzo, hata kunong'ona, na bado akasikika juu ya bendi nzima. Kisha mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikaleta santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, iliyobeba dakika 20 hivi kila upande, wakati santuri ya zamani ya mizunguko 78 iliishia kwenye dakika 3 au zaidi kidogo. Tangu hapo mwimbaji aliweza kupanga nyimbo kumi na kitu zenye hali moja, zisikilizwe kwa mfuatano. Ndiyo maana nitakuelekeza kwenye albamu, wala si kwenye wimbo mmojammoja.

Wapo watakaouliza mwimbaji wa kantri kama Jim Reeves anatafuta nini kati ya watu wa jazi. Kwanza, ndiye ambaye wengi wetu Kenya, Uganda na Tanzania tulimsikia kabla ya wengine, redioni na kwenye kaseti za Jumapili, na waliokuwa wakifuata kipindi cha Sundowner cha KBC wanalijua hilo vizuri. Pili, kuanzia 1957 nyimbo zake nyingi ziliacha sauti za shambani, zikawa muziki mwepesi kabisa. Kumwacha nje kungekuwa kumnyima haki.

Vigezo

Nitawapima kwa sauti na pumzi, maneno yanavyosikika, muziki ulio nyuma ya mwimbaji, albamu ya kuanzia, na ugumu wa kupata rekodi sahihi. Kigezo cha "nani ana sauti nzuri kuliko wote" nimekiacha makusudi. Wote wanne wana sauti nzuri, kwa hiyo hakimsaidii anayechagua. Afadhali ujiulize unataka sauti hiyo ikufanyie nini: ikusimulie kisa, ikutulize, ikuchezeshe, au ikufariji.

Sauti na pumzi

Sinatra alizaliwa Hoboken, New Jersey, mwaka 1915, na kuanzia 1940 hadi 1942 aliimba na bendi ya Tommy Dorsey. Dorsey alikuwa mpiga tromboni, na Sinatra alimchunguza jinsi alivyoshikilia mstari mrefu wa muziki bila kuonekana akivuta hewa. Akafanya mazoezi, pamoja na kuogelea, mpaka pumzi yake ikarefuka. Matunda yake unayasikia waziwazi: pale ambapo mwingine angekata mstari ili apumue, yeye anaunganisha, na sentensi inakufikia nzima kama ya mtu anayeongea nawe. Miaka ya 1940 sauti yake ilikuwa nyororo, karibu ya kijana. Alipohamia kampuni ya Capitol mwaka 1953 ilikuwa imeshuka na kupata ukavu kidogo. Mimi naupenda ukavu huo kuliko ule unyororo wa mwanzo.

Nat King Cole, mzaliwa wa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, aliyekulia Chicago, alianza kama mpiga piano, tena mpiga piano mkubwa wa jazi. Uimbaji ulikuja kumfunika baadaye. Sauti yake ni ya chini, ya ukungu mwepesi pembeni, na haisukumi kamwe. Upana wake si mkubwa, wala hajaribu kuuonyesha mkubwa. Anaweka noti mahali pake kwa usahihi wa mtu aliyezoea vibonye vya piano, kisha anaiacha.

Upole huo haukutokana na maisha mepesi. Aliponunua nyumba katika mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, mwaka 1948, majirani wazungu walimpinga. Tarehe 10 Aprili 1956, akiwa jukwaani Birmingham, Alabama, wanaume wa kizungu walimvamia na kumwangusha mbele ya watazamaji. Novemba mwaka huohuo alianza kipindi chake cha televisheni kwenye NBC, na kilipofika Desemba 1957 kilikwisha bila kupata mdhamini hata mmoja wa kitaifa. Albamu zake mbili za 1957 nitakazozitaja hapa chini alizirekodi miezi michache tu baada ya Birmingham. Zisikilize ukilijua hilo.

Ella Fitzgerald, aliyezaliwa Newport News, Virginia, mwaka 1917, ana kifaa kikubwa kuliko wenzake: sauti ya kupanda na kushuka oktava tatu hivi, safi chini na safi juu, na sikio ambalo halikosei. Alishinda shindano la wasio na majina pale Apollo Theater, Harlem, mwaka 1934, akachukuliwa na bendi ya Chick Webb, na mwaka 1938 akawa maarufu kwa wimbo uliotokana na mchezo wa watoto. Uchangamfu wa kitoto haukumtoka. Hata akiwa na miaka arobaini na ushee, kuna furaha ndani ya sauti ambayo haitafutwi, ipo tu.

Jim Reeves alizaliwa Panola County, Texas, mwaka 1923. Rekodi zake za mwanzo ziliimbwa kwa nguvu, kikantri. Badiliko lilikuja na "Four Walls" mwaka 1957, alipoisogelea maikrofoni na kuimba chini kabisa, taratibu. Sauti yake ni nzito, ya duara, yenye joto. Haina ufundi wa pumzi wa Sinatra wala wepesi wa Ella, na haihitaji. Uzito wake hauyumbi, na ni uzito unaotuliza.

Maneno yanavyosikika

Kwa msikilizaji aliyejifunza Kiingereza shuleni, kigezo hiki huenda kikawa muhimu kuliko vyote. Hapa Cole na Reeves wako mbele. Cole hutamka kila neno hadi konsonanti ya mwisho. Reeves alikuwa mtangazaji wa redio kabla ya kuwa nyota, akifanya kazi katika kituo cha KWKH, Shreveport, na mazoea hayo yanasikika: hakuna neno linalomezwa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufuata "He'll Have to Go", wimbo wa mwanamume aliye baa, anayezungumza kwa simu na mpenzi wake huku akijua mwanamume mwingine yuko naye chumbani. Kisa kizima kinakwisha kwa dakika chache na hujapotea hata mara moja.

Sinatra pia anasikika vizuri, lakini yeye hutumia maneno kwa njia nyingine. Anachelewesha neno moja nyuma ya mapigo, analiwahisha jingine, anakaza lile linalouma. Usipofuata maana, ufundi wake mwingi unakupita. Ukitaka kumfaidi, soma mashairi ya wimbo kwanza.

Ella hutamka kwa usafi, ila huwa anafika mahali anayaacha maneno kabisa na kuimba silabi zisizo na maana, akishindana na tarumbeta. Mfano mashuhuri ni Berlin, tarehe 13 Februari 1960, alipoimba "Mack the Knife" mbele ya umati, akasahau maneno katikati, na papo hapo akatunga mengine, hata kuutania usahaulifu wake mwenyewe, bila kuyumba na bila bendi kusimama. Rekodi hiyo ilimpa tuzo ya Grammy. Wapo wanaomlaumu kwamba huimba huzuni huku anatabasamu. Lawama hiyo ina ukweli kwa baadhi ya nyimbo. Lakini anayeirudia namshauri asikilize alichorekodi mwaka 1960 akiwa na mpiga piano Paul Smith peke yake, rekodi inayouzwa siku hizi kwa jina *The Intimate Ella*. Hakuna bendi, hakuna mbio, na huzuni ipo wazi.

Muziki ulio nyuma

Hapa ndipo wengi hawaangalii, na hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Katika muziki huu mpangaji, yaani mtu anayeamua fidla ziingie wapi na tromboni zinyamaze wapi, ana uzito karibu sawa na mwimbaji. Jina la kushika ni Nelson Riddle. Ndiye aliyempangia Cole "Mona Lisa" ya 1950 na "Unforgettable" ya 1951, ndiye aliyempa Sinatra sura mpya pale Capitol, na ndiye aliyefanya kazi na Ella kwenye nyimbo za watunzi wawili ndugu, George na Ira Gershwin, mwaka 1959. Ukipenda wimbo fulani na hujui kwa nini, tazama nani aliupanga. Huenda uliyempenda ni Riddle.

Kuna jaribio moja ambalo linafundisha kuliko maelezo yangu yote. Mwaka 1956 Sinatra na Ella walirekodi wimbo uleule wa mtunzi Cole Porter, "I've Got You Under My Skin". Kwa Sinatra, Riddle anaanza kimyakimya, anaongeza ala moja baada ya nyingine, mapigo yanapanda polepole mpaka bendi inapasuka, na tromboni ya Milt Bernhart inaingia kwa kishindo. Sinatra anarudi baada yake akiwa mtu mwingine kabisa, aliyeshindwa kujizuia. Kwa Ella, chini ya mpangaji Buddy Bregman, hakuna kupasuka huko. Wimbo unapita ulivyoandikwa, kila noti ya Porter iko mahali pake, na unasikia utunzi wenyewe kabla ya kumsikia mwimbaji. Zisikilize moja baada ya nyingine. Iliyokugusa zaidi itakuambia wewe ni msikilizaji wa aina gani: anayetaka kisa cha mtu, au anayetaka wimbo.

Cole ana nyuso mbili na inabidi uchague. Uso wa kwanza ni wa watu watatu: piano yake, gitaa na besi, bila ngoma, mtindo alioanza nao Los Angeles mwaka 1937. Uso wa pili ni wa fidla nyingi, laini na pana, hasa zilizopangwa na Gordon Jenkins. Watu wa jazi wengi hupenda wa kwanza na kumlaumu kwa wa pili. Mimi siungani na lawama hiyo. Kuimba taratibu juu ya fidla za Jenkins bila kuzama ndani yake ni kazi ngumu, na Cole aliiweza.

Nyuma ya Reeves kuna mtayarishaji Chet Atkins na studio za RCA mjini Nashville. Fidla ya kikantri na gitaa la kuteleza viliondolewa, mahali pake pakaja piano ya utulivu, vibrafoni kidogo, na waitikiaji wanaofuata kwa chini, mara nyingi kundi la Anita Kerr. Muziki huu hauna mambo mengi. Anayetoka kwa Riddle atauona mwembamba. Anayetaka mwimbaji asiyegombana na bendi atauona umetosha kabisa.

Albamu ya kuanzia

Sinatra: anza na *In the Wee Small Hours* ya 1955, nyimbo 16 za upweke wa usiku wa manane, au *Songs for Swingin' Lovers!* ya 1956 ukitaka uchangamfu. Usichanganye hizo mbili siku moja. Ya kwanza inahitaji utulivu, na inamchosha mtu aliye na kazi mikononi.

Cole: *After Midnight*, iliyotoka 1957, kwa anayetaka piano na jazi ya sebuleni; *Love Is the Thing* ya mwaka huohuo kwa anayetaka fidla na mapenzi. Katika hiyo ya pili kuna "Stardust", ambayo kwangu mimi ni mahali ambapo sauti ya Cole ilifika ukamilifu. Kuna pia *Cole Español* ya 1958, aliyoiimba kwa Kihispania. Masikio yetu, yaliyozoea rumba tangu enzi za santuri za Kikuba zilizofika pwani na Kongo, huipokea haraka.

Ella: *Ella and Louis* ya 1956, yeye na Louis Armstrong pamoja na mpiga piano Oscar Peterson na wenzake. Sauti safi na sauti ya mikwaruzo zinapishana bila haraka, na hakuna albamu nyepesi kuliko hiyo ya kumkaribisha mgeni. Ukishamzoea, ingia kwenye mfululizo wa albamu zake ziitwazo "vitabu vya nyimbo" (Song Book), kila kimoja cha mtunzi au watunzi fulani, ulioanza na Cole Porter mwaka 1956 na kuishia na Johnny Mercer mwaka 1964. Ni shule nzima ya utunzi wa Marekani. Kile cha Gershwin ni kirefu mno kwa mwanzilishi; kiweke mwisho.

Reeves: kwa nyimbo za mapenzi, *A Touch of Velvet* ya 1962. Kwa nyimbo za dini, *We Thank Thee* ya mwaka huohuo.

Kupata rekodi sahihi

Nyimbo hizi hazina rekodi moja tu. Cole alirudia kurekodi nyimbo zake maarufu kwa stirio, zikatoka mwaka 1961 katika *The Nat King Cole Story*, na mikusanyiko mingi hutumia hizo. Si mbaya hata kidogo, ila sauti ni ya mtu mkubwa zaidi na uvutaji sigara ulikuwa umeanza kuongeza ukungu wake. Alifariki kwa saratani ya mapafu Februari 1965, akiwa na miaka 45. "The Christmas Song" peke yake aliirekodi mara kadhaa tangu 1946. Ile inayopigwa kila Desemba ni ya 1961.

Sinatra naye alianzisha kampuni yake, Reprise, mwaka 1960, kisha akarudia baadhi ya nyimbo za Capitol humo. Ukiona jina la Reprise kwenye wimbo wa zama za Capitol, jua unasikiliza rekodi ya pili. Kwa nyimbo za miaka ya 1950, tafuta Capitol kwanza.

Reeves ndiye mwenye ugumu mkubwa kuliko wote. Alikufa tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyoiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville. Baada ya hapo rekodi zake ziliendelea kutoka kwa miaka mingi, na nyingi ziliongezewa ala na waitikiaji ambao yeye hakuwahi kuwasikia. "Distant Drums" ilifika namba moja Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya kifo chake. Ukisikia wimbo wake wenye muziki unaoonekana wa zama nyingine, huenda masikio yako yako sawa. Tafuta zilizotoka kabla ya Agosti 1964.

Kwa Ella hatari ni ndogo. Matoleo ni mengi kwa sababu aliimba jukwaani mno, na kila mara wimbo ulibadilika. Hayo ni mavuno, wala si hasara.

Kulingana na hali yako

Ukisikiliza peke yako usiku, umekaa, hufanyi kitu kingine, mchukue Sinatra wa nyimbo za taratibu. Ndiye anayelipa umakini kuliko wote. Ukiwa na wageni mezani na mnataka kuzungumza, mweke Cole. Hawezi kumkatiza mtu, na kila atakayenyamaza kumsikiliza atapata kitu.

Ukiwa unaimba mwenyewe, kanisani au kwenye bendi, na unataka mwalimu, jibu linategemea udhaifu wako. Anayekosea noti amfuate Ella. Anayekatakata mistari amfuate Sinatra. Anayepiga kelele mbele ya maikrofoni amsikilize Reeves na Cole, atazame jinsi wanavyoacha kifaa kifanye kazi yake.

Ukitaka kuboresha Kiingereza chako, au kumsikilizisha mtoto, Cole na Reeves. Ukipenda dansi na masikio yako yamelelewa na tarumbeta za bendi zetu za zamani, nenda moja kwa moja kwa Ella wa Berlin au Sinatra wa 1956. Fidla za Jenkins zitakuchosha.

Ukimchagulia mzazi au babu zawadi, muulize kwanza alikuwa akisikiliza nini redioni. Mara nyingi atasema Jim Reeves, na hapo usimletee Sinatra kwa sababu tu wataalamu wanamsifu zaidi. Mletee Reeves wa kabla ya 1964, kisha umwekee "When I Fall in Love" ya Cole kutoka *Love Is the Thing* baada yake. Ni mwendo uleule wa taratibu, na wengi waliompenda mmoja humpokea mwingine bila shida.

Kwa Krismasi wote wanne wana albamu: Sinatra ya 1957, Ella ya 1960, Reeves ya 1963, na Cole ile yenye wimbo wake wa 1961. Nyumba yenye watoto wanaorukaruka, ya Ella. Nyumba inayomkumbuka mtu aliyeondoka mwaka huo, ya Reeves.